Mashine Namba Mbili na Namba Nne

Tulimzika Githinji nyumbani kwake Gatongora siku ya Alhamisi, na kabla sahani hazijakusanywa watu walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu simu. Nilikuwa nimeketi chini ya hema na sahani ya wali, viazi na nyama, na upande wangu wa kushoto mzee mmoja alikuwa akieleza kwamba kampuni iliyotengeneza simu yake inaifanya iwe nzito makusudi kila mwaka unapoisha, ili anunue nyingine. Msichana aliyekuwa mbele yake alimwambia simu si nzito, ni yeye amejaza picha za ng'ombe. Mwingine akasema simu za kampuni shindani ni kamera tu, ukitaka kuongea na mtu utafute simu nyingine. Nikajikuta natabasamu msibani. Mama aliyeketi kando yangu aliniona, akaniuliza kwa upole kama marehemu nilimjua kwa kazi au kwa ujirani. Nikamwambia, "Kwa kazi. Alinifundisha kufungua kompyuta, halafu mimi nikasimama mbele ya watu nikasema kompyuta zake ni mbovu." Yule mama akaweka kijiko chini. Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu mchungaji alikuwa anaomba kipaza sauti. Hapa naeleza yote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipanga chumba kimoja Kiganjo na kila asubuhi nilitembea hadi mjini Thika, kwenye chuo cha taipu kilichokuwa ghorofani juu ya duka la mabati na misumari. Chuo kilikuwa cha Madam Nyambura, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, ambaye alikuwa amefundisha nusu ya makarani wa mji ule kupiga chapa bila kuangalia vidole. Vyumba vilikuwa viwili. Cha nje kilikuwa na taipureta kumi na mbili na kelele zake, na cha ndani kilikuwa na kompyuta nne, zulia jekundu na pazia zito ambalo Madam alisema linazuia vumbi. Viatu vilibaki mlangoni. Nakumbuka hata leo harufu ya kile chumba saa nane mchana, plastiki iliyopata joto na soksi za watu wanaoheshimu teknolojia. Chakula hakikuruhusiwa kuvuka mlango, kwa hiyo nilikula chapati na maharagwe nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na nadhani elimu yangu ya kweli niliipata pale kwenye ngazi, maana kila mteja aliyeshuka alishuka akisema alichofikiria.

Na walifikiria mengi. Asubuhi nilifundisha taipu. Mchana nilikaa chumba cha ndani na watu waliokuja kuandika vitu vyao wenyewe. Mwalimu Ndung'u, aliyefundisha jiografia Kamenu, alikuja kuandika mitihani, naye alipenda ile programu ya zamani yenye skrini ya bluu na maandishi meupe. Ile mpya, ya madirisha na picha ndogondogo za kubonyeza, aliita mchezo wa watoto. "Saumu, mimi nimekuja kuandika," aliniambia, "sijakuja kufukuza mshale kwenye kioo." Pasta wa kanisa moja karibu na stendi alikuwa kinyume chake kabisa. Aliamini programu mpya ni ya watu wanyenyekevu, kwa sababu inakuonyesha kila kitu na haikulazimishi kukariri. Pasta alikaa mashine namba moja tu, akisema ndiyo yenye kasi, ilhali zote nne zilikuwa sawa kabisa kwa ndani, au ndivyo nilivyodhani wakati huo. Njeri, karani wa chama cha ushirika wa kahawa, alikuja siku ambazo kompyuta ya ofisi yao imeharibika, na siku hizo zilikuwa nyingi. Yao ilikuwa ya kampuni kubwa ya ng'ambo, ilitoka Nairobi ndani ya boksi lenye jina, na bosi wake aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. "Ikifanya kazi, hakuna kama hiyo," Njeri alisema. "Lakini ikilala, inalala mpaka mzungu atume spea."

Maneno kama hayo niliyaona ni porojo hadi siku Madam aliponikuta nimeandika katika kitabu cha wateja: namba mbili imekataa. Alivua miwani. "Imekataa vipi?" akaniuliza. Sikujua. "Saa ngapi? Nani alikuwa ameikalia? Alikuwa anafanya nini?" Sikujua pia. Akaniambia niache kuandika kama askari anayeandika kwamba mwizi alikuja akaenda. Kuanzia siku hiyo niliandika yote, na kwa sababu sikujua lipi lina maana, niliandika hata maneno yao kama walivyoyasema. Pasta asema herufi ya R inagandamana. Ndung'u asema programu mpya imemficha faili. Njeri asema printa yetu inapiga kelele kama mashine ya kusaga lakini angalau haikwami. Kitabu cha kwanza kilijaa kabla ya mvua za Aprili. Leo kuna kampuni zinazowaajiri watu waliovaa vizuri kufanya kazi ile, na wanaiita jina refu. Mimi niliifanya kwa kalamu ya Biki, miguu mitupu juu ya zulia.

Kompyuta zote nne zilikuwa zimeundwa na Githinji. Mjini watu waliziita za kuungaunga, kwa sababu hazikuwa na jina la kampuni mbele. Alinunua vipuri Nairobi, vingine vipya, vingine vya mkono wa pili, akaviunganisha kwake Gatongora, pale Ruiru, akakuletea mashine nzima akiwa ameibeba mwenyewe kifuani. Alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, aliyefanya kazi miaka mingi kiwandani akitengeneza mitambo kabla ya kujifunza kompyuta kutoka kwenye vitabu. Nilipomuuliza mara ya tatu kwa nini kitu fulani kinafanya kazi, alisema, "Njoo Jumamosi uone." Nikaenda Jumamosi hiyo, na nikaenda karibu kila Jumamosi ya mwaka ule. Karakana yake ilikuwa sebule. Makochi yalikuwa yamejaa vipuri, kwa hiyo wageni walikaa kwenye viti vya jikoni, na mke wake, Mama Waithera, alikuwa amekubali hali hiyo isipokuwa meza ya chakula, ambayo aliilinda. Saa saba kamili kila waya ulitoka mezani na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ukaingia. Githinji alinifundisha kugusa chuma kwanza ili mwili usiunguze vipuri kwa umeme wake, kusukuma kadi mpaka uisikie imekaa, kufunga skrubu bila hasira. Hakuniomba hata shilingi. Alipowaeleza watu mimi ni nani, alisema, "Huyu ni Saumu, mwenzangu." Sikuwahi kuitwa mwenzake na fundi yeyote kabla ya hapo, na nilirudi Kiganjo siku ya kwanza aliposema hivyo nikiwa natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kulipokaribia likizo ya Agosti, shule moja ya sekondari ya wasichana upande wa Kiganjo iliamua kununua kompyuta kumi. Lilikuwa jambo kubwa. Bodi ilikuwa imegawanyika katikati: nusu walitaka za kampuni ya ng'ambo, ambazo wakala wake alikuja kutoka Nairobi na karatasi zinazong'aa na tai ya hariri, na nusu walitaka za Githinji, kwa sababu ni mtu wa hapa na ukimwita anakuja. Yule wakala alikuwa amewaambia wazazi kwamba kompyuta za kuungaunga hula kazi za watu, unaandika na yote yanapotea. Githinji aliposikia alicheka kidogo, akasema anayesema hivyo hajawahi kushika bisibisi. Mwenyekiti wa bodi alimwomba Madam Nyambura aje atoe maoni kwenye mkutano wa Ijumaa. Madam akasema hapana, yeye ni mteja wa Githinji na rafiki wa mke wake. "Nitawatumia Saumu," akasema. "Yeye ndiye anakaa nazo."

Nilichukua vitabu vyangu viwili nikavisoma Jumapili nzima, nikitafuta mambo mazuri ya kusema. Niliyapata. Lakini nilipoweka alama kila mahali mtu alipopoteza kazi yake, alama zilijipanga kwa namna ambayo sikuipenda. Mashine namba moja na namba tatu hazikuwa na hata alama moja. Namba mbili ilikuwa na tisa na namba nne ilikuwa na saba, na zote, isipokuwa moja, zilitokea baada ya saa saba mchana, siku za jua, wakati mabati juu ya dari yetu yalipokuwa yanalia kwa joto. Skrini iliganda, na kila kilichoandikwa bila kuhifadhiwa kikapotea. Moja ya alama hizo ilikuwa mtihani wa Ndung'u wa kidato cha tatu, aliouandika upya kwa mkono akiwa ameudhika hivi kwamba hakuniaga. Pasta na mashine yake namba moja hakuwa mshirikina hata kidogo. Alikuwa ameona kitu ambacho sisi wajuzi hatukukiona.

Nilikwenda Ruiru siku iliyofuata, ingawa haikuwa Jumamosi. Nilimwonyesha Githinji kurasa. Alizipindua haraka, bila kusoma. "Hao ni watu wa taipu," akasema. "Wanagonga kibodi kama wanapigilia misumari. Halafu hawasevu." Nikamwambia watu wale wale wanagonga namba moja na tatu. Akasema basi ni umeme wa Thika. Nikasema umeme unaingia kwa waya mmoja. Akaendelea kufunga skrubu ambayo ilikuwa imeshafungwa. Mama Waithera alisimama mlangoni akifuta mikono kwa aproni, akamwangalia mume wake, akaniangalia mimi. "Baba Waithera," alisema, "msichana amekuja mbali." Githinji aliniuliza bila kunitazama. "Utawaambia nini Ijumaa?" Nikamwambia nitasoma kilichoandikwa. Akaniambia hapo kwamba alidhani mimi ni mwenzake. Sikulia mbele yake. Nililia barabarani, nikajipangusa na ncha ya leso yangu ya kichwa, nikaendelea na safari.

Mkutano ulikuwa katika maktaba ya shule, chumba chenye rafu nyingi kuliko vitabu, na chai ya maziwa kwenye vikombe vya enameli. Yule wakala aliketi upande mmoja, Githinji upande wa pili akiwa amevaa koti la Jumapili. Nilisimama. Ninapokumbuka sasa, na nimeshazungumza katika kumbi kubwa zaidi tangu hapo, sijawahi kujua tena kwa uhakika ule nilichotaka kusema. Nilisema sitatoa maoni yangu, nitatoa ya watu wanaotumia. Nikasoma. Nikasoma maneno ya Njeri kuhusu mashine ya ofisi yake, jinsi ilivyokuwa nzuri, na jinsi ilivyolala wiki sita ikisubiri kipuri kimoja huku wakulima wakiandikiwa risiti kwa mkono. Wakala akasema hilo lilikuwa tatizo la usafiri. Mwalimu mkuu akamwambia wasichana wake hawataelezwa habari za usafiri siku ya mtihani. Kisha nikasoma kurasa za namba mbili na namba nne, saa na siku, mtihani wa Ndung'u ukiwemo. Sikumtazama Githinji lakini nilimsikia akivuta pumzi.

"Kwa hivyo, binti, unasema tununue zipi?" mwenyekiti aliuliza.

"Msinunue yoyote bado," nikasema. "Mashine mbili kati ya nne alizotuundia Bwana Githinji hazijawahi kumpotezea mtu hata mstari. Kwa hiyo anajua kuziunda vizuri. Mbili zina kasoro ya joto. Akiipata na akiirekebisha, nunueni zake, kwa sababu anakaa Ruiru na mnajua mlango wake. Asipoipata, msinunue."

Githinji alisimama, akamshukuru mwenyekiti kwa chai, akatoka. Alifunga mlango taratibu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wiki tatu hakuonekana Thika. Jumamosi zangu zikawa ndefu. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Madam Nyambura hakuniambia nilifanya vizuri wala vibaya. Aliongeza tu siku moja ya kufundisha kwenye ratiba yangu, na kwa jinsi alivyokuwa, hiyo ilikuwa hotuba. Lakini uhakika wangu haukutetereka. Nilihuzunika, ndiyo, lakini nilikuwa na hakika. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimejifunza kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja katika chumba kimoja bila kugombana.

Jumanne ya wiki ya nne alipanda ngazi saa nne asubuhi. Alivua viatu mlangoni kama mteja yeyote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana fundi aliingia na viatu. Hakuja na mfuko wa vifaa. "Nipe namba mbili," akasema. Akaketi, akafungua programu, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Nilijua bila kuuliza kwamba ilikuwa barua ya kuijibu bodi. Aliandika asubuhi yote, polepole, akifuta na kurudia. Saa ya chakula nilimwachia chumba nikakaa kwenye ngazi na chapati yangu. Jua lilikuwa limeshika mabati. Niliporudi alikuwa bado anaandika, jasho likimtiririka shingoni, na Pasta alikuwa kwenye namba moja akitayarisha mahubiri. Ilipofika karibu saa nane, vidole vya Githinji vilisimama. Alibonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza kingine. Akasogeza mausi, na mshale haukusogea.

"Ulisevu?" Pasta aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," Githinji alisema.

"Pole sana, ndugu. Mimi hiyo hiyo ilinila mahubiri ya Pasaka, ndiyo maana nikahamia hapa."

Githinji aliketi akiitazama ile skrini kwa muda mrefu. Kurasa mbili alizoziandika zilikuwa pale pale mbele ya macho yake, kila neno, na hakuweza kulitoa hata moja. Nilimwona akinyoosha mkono, akagusa kioo kwa ncha za vidole. Sijui watu wangapi nimewaona wakipoteza kazi tangu wakati huo, na wote hufanya vile, hugusa kioo. Kisha akageuka. "Nipe hicho kitabu," akasema, na akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu wa kiwandani: saa nane kasoro dakika tano, namba mbili, Githinji, barua, imeganda, kurasa mbili zimepotea. Aliniomba bisibisi. Alifungua kifuniko pale pale juu ya zulia la Madam, akaweka kiganja chake karibu na kile kifeni kidogo cha ndani, akaurudisha mkono haraka kwa joto.

"Hizi mbili nilizimaliza siku moja," alisema, na sasa alikuwa ananiambia mimi. "Feni nzuri ziliniishia. Nikaweka za mkono wa pili. Zikipata joto zinasimama." Akaizungusha bisibisi mkononi. "Nilijua niliziweka. Nikaamua hazina shida."

Nilimshikia taa.

Alibadilisha zote mbili wiki hiyo. Tulizikalisha juani makusudi, pazia wazi, siku kumi, na Ndung'u akakubali kuandika mtihani mzima wa muhula kwenye namba nne, akihifadhi kila mstari na akiniangalia kila alipohifadhi. Haikuganda. Githinji aliirudia bodi mwenyewe, akawaeleza kosa lake kwa maneno yake, na shule ikanunua kompyuta kumi kutoka kwake. Wakala wa Nairobi alinunua mashine mbili chakavu kutoka kwa mtu mwingine wa Ruiru ili kuonyesha watu zilivyo mbaya, lakini hilo ni jambo la uvumi na sikulishuhudia.

Siku tuliyopeleka kompyuta ya mwisho shuleni, tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wa nje tukinywa soda, Githinji alisema anataka kufungua duka la kweli Ruiru, lenye kaunta na bango. "Mimi najua mashine," alisema. "Sijui watu wanasema nini juu yake. Wakiniambia, naona kama wananitukana." Akataka nije tufanye kazi pamoja. Nilimwambia nitakuja kwa sharti moja: hakuna kompyuta itakayotoka dukani kabla mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta hajaikalia siku nzima na kusema anachokiona. Alilifikiria akiwa anazungusha chupa. "Chochote?" akauliza. Nikasema chochote, na sisi tusijibu, tuandike tu.

Nilihamia Gatongora Januari. Mashine ya kwanza ilikuwa ya zahanati, na hatukuwa na mteja wa kuijaribu, kwa hiyo Githinji akamwita mke wake. Mama Waithera alivaa nguo ya kanisani, akaketi saa tatu asubuhi, akaandika majina ya kikundi chao cha akina mama, na namba za nyimbo, na barua kwa dada yake Nyeri, herufi moja moja, hadi saa kumi jioni. Hakusimama ila kupika. Sisi tulikaa nyuma yake kama wanafunzi. Mwishowe akainua mikono kutoka kwenye kibodi, na Githinji, ambaye nilimwona akisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari, akamuuliza ameionaje.

"Mashine ni nzuri," alisema. "Ila maandishi ni madogo, hicho kitufe kikubwa ni kigumu kwa mkono wangu huu unaouma, na hakuna mtu ataweza kukaa hapa. Kiti kinaumiza mgongo."

Githinji alifungua mdomo. Niliona jibu likija, jibu zuri la fundi, kwamba kiti si sehemu ya kompyuta. Akafunga mdomo. Akavuta kitabu kipya karibu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika: kiti.